Nilitikisa Nguzo Nikanyamaza

Mami,

Sikuulizi hali yako kwa sababu naisikia hapa kupitia ukuta wa mbao. Unafunga sanduku, unalifungua, unatoa kitu, unalifunga tena. Ungekuwa mbali ningeanza kwa salamu ndefu kama tulivyofundishwa shuleni. Lakini uko hatua nne kutoka nilipokaa, na bado nakuandikia badala ya kugonga mlango, kwa hiyo ujue mapema kwamba hii si barua ya kukutakia safari njema.

Kesho unakwenda Nanyuki kuanza kazi hospitalini. Jumatatu una miadi kwa wakili na Bwana Mureithi, utie sahihi ununue ile nyumba yake ambayo haijaisha. Wiki iliyopita ulinichukua twende nikaione. Uliniuliza mbele yake, "Baba, unaonaje?" Nikasema iko sawa. Nyumba ile haiko sawa. Niliona haiko sawa kabla sijamaliza kuizunguka, nikakudanganya, nikala nyama aliyotuandalia, nikaombea chakula na nikaombea nyumba, tukarudi hapa Karatina wewe ukiimba njia nzima.

Mambo ya kubeba koti zito, ya kupiga simu kila Jumapili, ya kutafuta kanisa, umeshaambiwa na kila mtu aliyepita hapa wiki hii. Sina la kuongeza hapo. Una jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita Mami tangu ukiwa mtoto wa kubebwa, na mama yangu alikuwa mtu wa kuambiwa jambo mara moja, likiwa wazi. Wewe uko hivyo hivyo. Nitakuambia nilichoona Nanyuki. Lakini kwanza lazima nikuambie kilichotokea Nyeri, kwa sababu kuhusu Nyeri pia nimekudanganya, na uongo huo sasa una miaka kumi na mitatu.

Habari unayoijua ni hii. Baba yako alinunua nyumba ya Mwalimu Gichuki nje kidogo ya mji wa Nyeri, nyumba ya mawe ambayo kuta zake zilikuwa zimefika juu ya madirisha na kazi ikasimama. Mwalimu, mzee wa kanisa, mtu wa tai na Biblia, akatuficha ubaya wake. Tukaezeka, tukapiga plasta, tukahamia, na mwaka ulioingia kidato cha kwanza mvua ya Aprili ikaangusha kona moja na kumvunja mama yako mkono. Mwalimu mwongo, mvua mbaya, baba maskini. Umeisikia kutoka kwangu mara nyingi, hata ukaacha kumsalimia Mwalimu kanisani. Niliona umeacha, na nikafurahi.

Sasa nikuambie jinsi nilivyoinunua. Pesa zilitoka kwenye shamba la mama yako la Kiriaini. Hilo unalijua, lakini sidhani unajua uzito wake. Babu yako alikuwa na wana wanne, na alipogawa shamba lake la majani chai alimpa mama yako sehemu sawa na ya kaka zake, mbele ya wazee walionuna. Hakuna mwanamke mwingine pale kwao aliyekuwa na kitu kama hicho. Mama yako alikuwa akipanda gari kwenda kuitazama chai yake hata siku ambazo hakukuwa na kazi ya kufanya. Ni mimi niliyesema tuuze. Nilisema chai ya mbali haina faida, mtoto anataka shule ya mjini, na mtu wa umri wangu hawezi kuendelea kukaa katika nyumba za kupanga nyuma ya soko. Nilisema hivyo kila siku kwa mwaka mzima, na mwishowe akachoka kunikatalia.

Mimi ni mtu wa miche, Mami. Tangu ujana kazi yangu ni kitalu: avokado, kahawa, miti ya mbao. Udongo naujua kwa vidole. Kwa hiyo nilipokwenda kuiangalia nyumba ya Mwalimu nilifanya kazi ninayoijua, nikaangalia shamba. Nilienda ofisi ya ardhi nikahakikisha halina kesi. Nilitembea mpakani na jirani wa kila upande, nikaona bikoni zote nne, yale mawe ya mpaka, ziko mahali pake. Niliuliza kama kuna mtu amezikwa hapo, kama kuna ndugu waliogombania, kama kuna mzee aliyekufa akiwa amelaani. Kisha nikaazima jembe. Lilizama mpaka karibu na mpini, nikachekelea peke yangu. Udongo mwekundu, laini, wa kina. Hapo ndipo sisi watu wa huku tunapopotea. Mkulima akiona jembe limezama anamshukuru Mungu, na hakumbuki kwamba anayetaka kuweka mawe juu yake anapaswa kuogopa, auchimbe mpaka afike pagumu.

Na kwenye kona ya nyuma, hatua mbili kutoka ukutani, kulikuwa na migomba. Utaikumbuka, ulikuwa ukicheza hapo. Ilikuwa minene, yenye mikungu mizito mpaka ikabidi iegemezwe kwa miti. Kila mtoto aliyelelewa Nyeri au Murang'a anajua mgomba wa namna hiyo karibu na nyumba unasema nini. Choo cha shimo kikijaa unakihamisha, unafukia shimo kwa majani, majivu na udongo kidogo, na juu yake unapanda mgomba. Unashiba hapo, unazaa miaka na miaka. Kwetu tulifanya hivyo, na mimi mwenyewe nimefukia mashimo mawili kwa mikono hii. Lakini nilisimama mbele ya migomba ile nikasema, "Mwalimu, udongo huu umebarikiwa." Halafu nikamwomba chipukizi za kupeleka kitaluni. Alinipa sita, nikazibeba kwa gunia nikiwa nimefurahi kabisa.

Mama yako ndiye aliyesema tupeleke fundi. "Si fundi aangalie hii nyumba kwanza?" aliniambia. "Wewe ni mtu wa miche." Nilikasirika. Nilimwuliza kama anataka nimpelekee mzee wa kanisa mkaguzi nyumbani kwake kana kwamba ni mwizi. Unajua tunavyofanya. Unakwenda na wazee, mnakunywa chai, mnaelewana, halafu siku inapangwa mbuzi anachinjwa, na mbuzi akishaliwa hakuna mtu anayerudi kusema ameona kasoro. Niliupenda utaratibu huo kwa sababu ulinifanya nionekane mtu mkubwa. Katika kitalu hakuna anayekuita mtu mkubwa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hujawahi kulisikia. Ijumaa, siku moja kabla ya mbuzi, mtu mmoja alikuja kitaluni. Alivaa koti kuukuu, na mikono yake ilikuwa imeliwa na saruji. Alisema anaitwa Muriuki, na kwamba ndiye fundi aliyeijenga nyumba ile mpaka ilipofika.

"Mzee, nimesikia unanunua kwa Mwalimu," alisema. "Hiyo kona ya ndizi iko juu ya choo ya zamani. Mimi nilimwambia tuchimbe, tutoe hiyo uchafu yote, tujaze mawe mpaka chini. Akasema ati nataka kumaliza pesa yake. Nikaacha kazi."

"Mwalimu aliniambia alikufukuza kwa sababu ya pombe."

"Pombe nakunywa. Lakini choo iko."

"Sema tu unataka kazi ya kumalizia."

Alijibu bila hasira. "Sitaki kazi yako, mzee. Nataka tu siku ikianguka usiseme hukuambiwa."

Akaondoka kwa miguu. Mama yako alikuwa upande wa pili wa kitalu akimwagilia. Akaniuliza, "Huyo wa koti alikuwa anataka nini?" Nikamjibu, "Anauliza bei ya avokado."

Wakati huo bado ningeweza kumwambia. Shamba la Kiriaini lilikuwa bado halijaandikwa jina la mnunuzi. Ningeweza kumpigia Mwalimu simu niseme tungoje wiki mbili, hata kwa kisingizio cha ugonjwa. Lakini wazee walikuwa wameshaalikwa, mbuzi alikuwa amefungwa kwa jirani, na kaka za mama yako walikuwa wanakuja kutoka Kiriaini kumwona shemeji yao akinunua nyumba ya mawe. Nilikuwa nimejisifu mno. Niliogopa aibu ya siku moja kuliko shimo ambalo nilijua lipo, kwa maana Muriuki alipolitaja tu, migomba ile ilinijia machoni na nikajua anasema kweli. Miaka mitatu tuliyokaa mle ndani hakuna siku niliyomsahau.

Ufa wa kwanza ulitokea kwenye pembe ya dirisha la chumba chako. Mwanzoni ulikuwa mwembamba, baadaye ukaanza kushuka kingazingazi ukifuata viungo vya mawe. Nimejifunza maana yake baadaye, kwa kuwauliza mafundi maswali ambayo ningeuliza kabla ya kununua. Nyufa ndogo ndogo zinazokwenda ovyo juu ya plasta ni za plasta yenyewe, hizo hazina neno sana. Ufa unaoshuka kingazingazi kwenye viungo, mpana juu na mwembamba chini, unakuambia kona inazama. Mimi nilinunua saruji nikauziba, nikapaka rangi. Ukarudi. Nikauziba tena.

Kisha mlango wa chumba chako ukaanza kukwama. Niliazima randa nikauranda. Baada ya mvua ukakwama tena, nikauranda tena, na tena, mpaka juu pakawa na nafasi ya kupitisha vidole na chini bado unaburura sakafu. Mlango haukuwa na kosa lolote. Fremu ndiyo iliyokuwa imelala upande pamoja na ukuta, na mimi nilikuwa naikata mbao nzuri ili ifanane na ukuta mbaya. Mama yako alisimama akinitazama mara ile ya tatu. Akasema, "Huu ufa unatembea, Baba Nyambura." Nikamwambia nyumba mpya zote hujinyoosha, atulie. Nilisema kwa ukali, kama mtu aliye na hakika.

Siku nyumba ilipoanguka wewe ulikuwa bwenini. Maji yalikuwa yakiingia chumbani kwako tangu asubuhi, na mama yako akaingia kuokoa godoro lako. Kona ilishuka, ukuta ukafuata, na jiwe moja likamwangukia kwenye mkono wa kulia. Vidole viwili havijakunjika tena mpaka leo. Chini ya kona tulikuta udongo mweusi, laini, umelowa, kama Muriuki alivyosema. Watu wa kanisa walikuja na misemo yao kuhusu nyufa, sitairudia hapa. Wakauliza nani alijua. Nikasema Mwalimu alijua. Ilikuwa kweli, kwa hiyo nikaiacha hapo, nao wakamshughulikia Mwalimu.

Miezi mitano baadaye mama yako alirudi kwao. Ulidhani amechoshwa na umaskini, na mimi nikakuacha udhani hivyo, hata ukamkasirikia kidogo kwa ajili yangu. Leo anakaa katika chumba kimoja pembeni mwa boma la mjomba wako. Ni mgeni mahali alipokuwa na shamba, na anachuma majani chai kwa kibarua kwenye mashina yale yale yaliyokuwa yake. Kwa vidole vile, jioni kikapu chake ni nusu ya vya wenzake. Nimeona haya kuandika sentensi hiyo, na nimejilazimisha kuimaliza.

Basi Nanyuki. Hapa soma polepole.

Uliponitambulisha kwa Bwana Mureithi ulisema, "Huyu ni baba yangu. Anajua mambo ya nyumba, zilimfunza." Nilijisikia vizuri kupita kiasi. Aibu kubwa ya maisha yangu ilikuwa imegeuka cheti, na anayenipa ni wewe. Nikaanza kutembea mikono nyuma kama bwana mkubwa aliyetumwa na serikali.

Nyumba nzima ni mawe matupu, haina plasta mahali popote. Lakini ile nguzo ya zege iliyo katikati ya sebule, mguu wake umepigwa plasta laini kuanzia sakafuni mpaka kimo cha goti. Hakuna mtu anayepiga plasta kipande kama hicho katika nyumba ambayo haina hata fremu za madirisha. Niliigonga kwa ufunguo nikasikia uwazi. Nadhani zege lilimwagwa vibaya pale chini, likabaki na matundu, na mtu akayafunika. Ukipanda juu ya slabu, ile sakafu ya zege ya juu, vile vyuma vilivyochomoza vikingoja ghorofa ya pili vimenyeshewa muda mrefu. Nilikwaruza kimoja kwa ukucha. Kutu ya unga unaweza kuisugua ikatoka, lakini ile ilitoka kwa maganda, na chini yake chuma kimekonda. Na nje, nyuma ya tangi, udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mkono unaingia. Hutanuka mvua ikija. Sijui walichimba msingi kwenda chini kiasi gani, na sikuuliza.

Hata hayo ningeweza kujidanganya nayo. Siwezi kujidanganya kuhusu ile miti. Unaikumbuka, miti ya mkaratusi kama kumi na miwili imesimama sebuleni ikiwa imeshikilia slabu. Bwana Mureithi alisema slabu ilimwagwa miaka mitatu iliyopita na fundi hakurudi kuchukua miti yake. Ulicheka, ukasema itakufaa kwa kuni. Mami, slabu nzuri ikishakauka inajibeba. Miti iliyo chini yake inalegea, unaitikisa kwa mkono mmoja, mara nyingine kabari zinaanguka zenyewe. Wewe na yeye mlipokuwa mmesimama dirishani mkitazama mlima, nilishika mti wa katikati nikautikisa. Haukusogea hata kidogo. Nikashika wa pili, nao umekaza. Nikainama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu, nikaona kabari zimebanwa mpaka zimepasuka. Slabu ile haijibebi. Inabebwa na kuni. Ukiitoa miti upange viti, inaweza kukushukia kichwani, na ukiiacha, mchwa wataitoa taratibu bila kukuuliza.

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya ule mti wa pili ulipogeuka ukaniuliza ninaonaje. Mbavu zilikuwa zimeshaiva nje, harufu inaingia mpaka ndani. Mke wa Bwana Mureithi alikuwa ameshika jagi la maji ya kunawa. Yeye mwenyewe alikuwa ameniita mzee wetu mara nne. Na wewe ulikuwa unanitazama kwa uso ule. Nikasema, "Iko sawa. Inataka kumaliziwa tu." Waliponiomba niombe, nikasimama nikamshukuru Mungu kwa msingi imara. Nilitumia maneno hayo hayo. Ulisema amina kwa sauti kuliko wote.

Nimejiuliza wiki nzima ni mtu wa aina gani anayefanya jambo hilo mara mbili. Nilidhani ile nyumba ya Nyeri ilinifunza kitu. Ilinifunza kutambua ufa, basi. Naona kasoro sasa kuliko mafundi wengi vijana, lakini kuisema mbele ya mwenye nyumba, nyama ikiwa mezani, bado siwezi, na nina miaka sitini na moja. Najichukia kwa hilo. Kwa hiyo ukitaka mtu wa kukukagulia nyumba, hii au nyingine yoyote maishani, usinichukue. Tafuta mtu ambaye hatakula huko. Mlipe wewe, aende wakati mwenye nyumba hajaandaa chochote, achimbe kando ya ukuta mpaka auone msingi wenyewe, aguse kila kitu ambacho wewe umeambiwa usijali. Na akikuletea habari mbaya, usimwulize kama anatafuta kazi.

Juzi nilikwenda Kiriaini. Sikukuambia, nilisema napeleka miche Othaya. Nilimkuta mama yako kwenye kituo cha kupimia majani chai, kwenye foleni, kikapu mgongoni. Nilimwambia pale pale mbele ya watu, kwa sababu nilijua nikingoja tubaki wawili nitaghairi. Nikamwambia Muriuki alikuja Ijumaa ile, na alisema nini, na kwamba hakuuliza bei ya kitu chochote.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Muriuki alikuja kuniona hospitali. Alikuwa analia, ati angekuja kwangu badala ya wewe. Mimi ndio nilimwambia anyamaze, nione kama utaniambia mwenyewe." Foleni ilisogea, naye akasogea. "Nikangoja miezi tano. Ulikuwa unakuja kila jioni unakaa hapo kwa kitanda unamtukana Mwalimu. Nikaona hutasema. Ndio nikaenda kwetu."

Miaka kumi nimeamini aliondoka kwa sababu ya shamba na mkono. Kumbe shamba na mkono alikuwa amevivumilia. Nikamwambia habari za Nanyuki, plasta, kutu, miti na kabari. Akatua kikapu chini. Watu wakaanza kumpita kwenye foleni, naye hakujali.

"Na huko pia umenyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Na ukaomba?"

"Waliniambia niombe."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nyumba ianguke, na sitaki kukisikia kicheko kile tena.

"Mwandikie," akasema. "Usimwambie na mdomo. Wewe ukiona uso wa mtu unaanza kupunguza maneno. Andika yote, hata ya hospitali. Na umwambie Jumatatu saa mbili asubuhi niko Nanyuki, nakuja na Muriuki. Amezeeka lakini macho bado iko. Wewe baki."

Hakuniambia niingie ninywe chai, na sikuitarajia. Nilisimama kando mpaka majani yake yakapimwa, nikamsaidia kupandisha kikapu kitupu mgongoni, akasema asante kama unavyomwambia mtu usiyemjua.

Uamuzi wa kununua au kutonunua ni wako. Pesa ni zako, na mimi nimeshawaamulia wanawake wa nyumba hii vya kutosha. Ninachokuomba ni usitie sahihi kabla Muriuki hajaikagua. Bwana Mureithi akikuuliza mbona baba yako alisema iko sawa na akaiombea, mwambie baba yako alisema uongo mezani pake. Usinitafutie maneno mazuri ya kunisitiri. Kuhusu Mwalimu Gichuki, alinificha, na sitasema hakunificha. Lakini mtu yule amekaa kiti cha nyuma kanisani miaka kumi kwa kosa ambalo nusu yake ni langu. Jumapili, kabla ya matangazo, nitaomba nafasi nisimame. Sijui nitaanzia wapi.

Kesho ukiamka utakuta nimeshatoka. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba kuna mteja wa mapema, nikalikata neno hilo, unaweza kuona mahali kalamu ilipopita. Hakuna mteja. Natoka kwa sababu siwezi kukaa hapa nikutazame ukiwa umeshasoma.

Usinipigie simu kuniambia umenisamehe, na usinipigie kuniambia hujanisamehe. Nipigie Jumatatu jioni uniambie Muriuki amesema nini kuhusu ile nyumba. Nieleze yote kama alivyoyasema, na safari hii nitasikiliza mpaka amalize.

Ni mimi baba yako, ambaye aliambiwa mapema.